Visahani vya Mutheu

Nyinyi vijana mnaokuja kukaa nami hapa barazani na madaftari yenu ya chuo, leo msinianze na maswali ya mashine. Mashine zenu ni nzuri, Mwenyezi Mungu awabarikie nazo. Mimi nataka niwaeleze nilivyokaribia kumharibia msichana wa watu jina lake kwa viganja hivi viwili, huku kila asubuhi nikimwombea dua afaulu. Nimestaafu miaka mingi sasa, lakini jambo lile sijalisahau.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikitia chumvi mchuzini, naonja mara tatu. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Riziki, wewe hata furaha waikagua kama ina shimo." Katika kazi ya maabara tabia hiyo inafaa sana, mpaka siku wasiwasi unapogeuka kuwa woga. Siku hiyo haifai tena, na mimi siku yangu ilifika.

Sikusomea maabara. Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nachoma chapati na kukaanga vitumbua karibu na soko la Msambweni, tangu mabinti zangu wakiwa wadogo. Kisha kituo kimoja cha utafiti kikafunguliwa nje kidogo ya mji, wakichunguza kichocho, nikaajiriwa kuwapikia wafanyakazi chai na chakula cha mchana. Nikawa nawaoshea na vyombo vya maabara. Ukiosha vyombo vya watu unajua nani ni mvivu na nani ni mwangalifu, na mkuu wa kituo aliona kwamba vyombo nilivyoosha mimi havikuwa vikiota ukungu. Akaniambia niache sufuria, nije nijifunze kazi. Tulimwita Daktari tu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkali, na kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni kufichwa jambo. Kuna fundi mmoja alivunja lenzi ya hadubini akairudisha kimyakimya kabatini. Yule bwana hakumaliza wiki.

Mwaka wa tisini na tisa Daktari alirudi kutoka ng'ambo akiwa na visahani vitatu mkobani na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Ndani ya visahani mlikuwa na minyoo. Si wale wa tumboni mnaowajua. Hawa ni wadogo, urefu wao kama milimita moja, wanaishi udongoni na hawamdhuru mtu. Miili yao ni kama kioo, ukiwatazama kwa hadubini unaona mpaka ndani.

Kuwahamisha kutoka sahani moja hadi nyingine ni kazi ya mkono mwepesi. Watu walitumia waya mwembamba, lakini kifaa bora nilichowahi kukitumia ni unywele wa kope uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Haumchomi mnyoo wala hautoboi chakula chake. Kope zilikuwa zangu mwenyewe. Mama mkwe aliponikuta mbele ya kioo naung'oa mmoja, alikwenda kumuuliza mwanawe kama mkewe anajua anachokifanya.

Basi, Daktari akaniita akaniuliza, "Bi Riziki, ukitaka kujua kazi ya mtu mmoja katika nyumba yenye watu wengi, utafanya nini?"

Nikamwambia, "Nitamtazama akifanya."

"Na kama huwezi kumwona?"

Nikafikiri. "Basi nitamzuia siku moja asifanye kazi, nione nyumba itakosa nini."

Akapiga meza kwa furaha. "Hiyo ndiyo kazi yetu sasa!"

Akanieleza. Kila jeni ni agizo. Seli ikitaka kulitumia, inalinakili agizo lile kwenye kitu kiitwacho RNA, na ile nakala ndiyo inayofuatwa. Sasa, watu walikuwa wamegundua kwamba ukimwingizia mnyoo RNA ya nyuzi mbili inayolingana na agizo fulani, seli zake zenyewe zinaligeukia agizo hilo na kulikatakata. Jeni lipo, ila halisikiki. Na wala huhitaji sindano. Unawapa bakteria kipande cha maagizo watengeneze RNA hiyo, kisha unawamwaga kwenye kisahani, kwa sababu mnyoo anakula bakteria. Anakula, na jeni linanyamaza.

Jeni tulilolitaka sisi lilikuwa la mazungumzo ya seli. Kwenye ncha ya kizazi cha mnyoo kuna seli moja inayoziambia seli za jirani: endeleeni kugawanyika, msiache. Seli za jirani zina kitu cha kupokelea neno hilo, tukiite sikio, na jeni letu ndilo lenye agizo la kulitengeneza. Likinyamazishwa, seli hazisikii, zinaacha kugawanyika mapema, na mnyoo anakuwa mtu mzima bila yai hata moja. Mnyoo wa kawaida unamwona mayai yamejipanga tumboni, na baada ya siku chache kisahani kimejaa watoto. Tasa anabaki peke yake, anazungukazunguka.

Kazi hiyo alipewa Mutheu, msichana kutoka Machakos aliyekuja kufanya shahada yake ya pili. Mama yake hakutaka aje, kwa kuwa haukuwa umepita muda mrefu tangu zile vurugu za mwaka wa tisini na saba zilizowatoa watu wa bara katika pwani yetu. Alikuja hivyo hivyo, akapanga chumba jirani na kwangu. Alikuwa mpole, ananisalimu shikamoo kila siku mpaka nikamwambia mara moja inatosha, na alipokuwa na wasiwasi alikuwa akiuma kifuniko cha kalamu. Tulielewana mara moja, mwenye wasiwasi anamtambua mwenziwe. Daktari alimpa miezi minne. Jaribio likikubali na kurudiwa likakubali tena, angeandika na kufuzu. Lisipokubali, ufadhili unakatika, anarudi kwao mikono mitupu.

Hali ya hewa yetu ndiyo tuliyoiogopa. Minyoo wale wakipata joto la Msambweni la kawaida, wanakuwa tasa wenyewe, bila kunyamazishiwa jeni lolote. Kwa hiyo waliishi ndani ya friji la soda, lile la mlango wa kioo, lililonunuliwa kwenye hoteli moja ya Diani iliyokuwa imekosa wageni. Kipimajoto cha kituo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikaa ndani ya friji lile mchana na usiku. Umeme ukikatika, nilikimbia kwa wauza samaki kuomba barafu. Niliomba barafu mara nyingi mpaka wakadhani nina biashara ya juisi.

Sasa sikilizeni kuhusu agari, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu. Agari ni uji unaotokana na mwani. Unauchemsha kwenye chupa, unaumimina kwenye visahani, ukiganda unakuwa sakafu ya minyoo. Wale bakteria hawapendi kubeba kile kipande cha maagizo. Ukiwaachia, wanakitupa na kuendelea na maisha yao. Basi tunatia antibiotiki kwenye agari, inawaua wote waliokitupa, wanabaki waliobeba. Lakini antibiotiki hiyo haitaki moto. Ukiitia kwenye agari yenye moto sana inaharibika, na kwa macho huwezi kujua. Daktari alinifundisha hivi: "Subiri chupa ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja bila taabu. Hapo tia dawa, tikisa taratibu, mimina kabla haijaanza kuganda."

Nami nilifuata neno kwa neno. Nilimimina alfajiri, peke yangu, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, na chupa nilikuwa naishika bila taabu yoyote.

Mara ya kwanza kabisa, lakini, sikumimina mimi. Shangazi yangu alifariki Mkwiro, nikaenda matangani wiki nzima. Mutheu akamimina mwenyewe. Niliporudi alinikumbatia mlangoni. Visahani vya jeni vilikuwa na minyoo tasa, karibu wote. Visahani vya kulinganisha, vyenye bakteria wasio na agizo letu, vilikuwa vimejaa watoto. Daktari alitununulia soda.

Mara ya pili nilimimina mimi. Mayai, watoto, visahani vyote vimejaa. Mara ya tatu nilimimina mimi tena, nikiwa makini maradufu. Watoto tele.

Daktari akaanza kuuliza maswali. Labda mara ya kwanza friji lilipata joto? Lakini visahani vya kulinganisha vilikaa kwenye friji hilohilo na minyoo wake walizaa. Labda Mutheu alikosea kuandika majina? Mutheu alisema hapana. Nilikuwa nafuta meza nikamsikia Daktari akisema kwa sauti ya chini, "Sikuulizi tena kama ulikosea. Ninakuuliza kama zile hesabu ulizihesabu kweli."

Kile kifuniko cha kalamu kilikuwa mdomoni kwa Mutheu, kimepasuka. Mimi niliona haya kama niliyeulizwa ni mimi, na nilimchukia Daktari siku nzima.

Siku ya kuandaa jaribio la nne, Mutheu alisema atakuja alfajiri anisaidie, hawezi kulala. Nikachemsha agari, nikaitoa, nikasubiri kama kawaida. Nikaishika chupa kwa kiganja. Nikaona imepoa. Nikamwambia, "Hebu nipokee, mwanangu, nichukue dawa."

Aliipokea kwa mikono miwili na papo hapo akapiga kelele. Chupa ikaanguka, agari ikamwagika sakafuni na mvuke ukapanda.

"Aki Bi Riziki! Hii kitu ni moto! Unaishikaje?"

Nilimvuta mpaka kwenye bomba nikamtia mkono wake wa kulia ndani ya maji. Kiganja kilikuwa chekundu na ngozi imeanza kuvimba. Nikatazama vyangu. Hakuna kitu. Miaka kumi na mbili ya kugeuza chapati kwa vidole na kuepua sufuria bila kitambaa ilikuwa imeviua. Niliona mvuke ule sakafuni na nikajua, palepale, kabla maji hayajamlowesha mpaka kifundoni. Dawa nilikuwa naipika. Bakteria wangu walikuwa wametupa mzigo zamani, na minyoo wa Mutheu walikuwa wanakula chakula kitupu.

Mtu mwema angesema hapohapo. Mimi nilisema, "Pole, mwanangu, pole sana, chupa imekuteleza."

Niwaambieni nilivyojitetea moyoni, msije mkajitetea hivyo. Mume wangu alikuwa mlinzi wa hoteli na hoteli ilikuwa imewapunguza watu, kwa hiyo kazi yangu ndiyo iliyobaki nyumbani. Sikuwa na cheti. Daktari angenirudisha jikoni, kama si kunifukuza. Tena nikajiambia, dawa ya kosa si maneno, ni kulirekebisha. Nitamimina jaribio hili vizuri, litakubali, Mutheu ataokoka, na hakuna atakayejua. Nikachemsha agari nyingine. Safari hii nilisubiri mpaka naona inataka kuanza kuganda pembeni, ndipo nikatia dawa.

Siku zile sikula vizuri. Agari inataka siku mbili kukauka, bakteria wanataka zao, kisha minyoo wadogo wanawekwa, unasubiri wakue, unasubiri tena uone kama watazaa. Nilikwenda kwenye friji mara nyingi mpaka Daktari akaniuliza kama nimeficha soda humo. Nilicheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Jaribio likakubali. Minyoo tasa, wasafi, wanazunguka peke yao. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Mutheu alilia kwa furaha. Nikadhani yamekwisha.

Daktari alitazama kwenye hadubini muda mrefu. Kisha akanyanyua kichwa, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye furaha.

"Mara ya kwanza, Bi Riziki hayupo, linakubali," alimwambia Mutheu. "Mara mbili za kati, tupo wote, linakataa. Nimekuonya, sasa linakubali tena. Ni nini kimebadilika?"

"Hakuna kitu, Daktari. Tumefanya vilevile."

"Ndiyo. Hakuna kilichobadilika ila nimekuonya."

Mnaona? Kuna kitu kilikuwa kimebadilika, nacho kilikuwa mimi, na hakikuandikwa popote. Marekebisho yangu ya siri yalimfanya aonekane mwongo kuliko mwanzo. Kosa lenyewe lilikuwa limemfanya aonekane mzembe tu.

Kesho yake asubuhi Mutheu aliitwa ofisini. Kulikuwa na barua mezani, ya kusema kwamba anajiondoa kwa hiari yake. Daktari hakuwa mtu mbaya, alidhani anamfichia aibu. Nilimwona Mutheu kupitia dirishani anaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado umefungwa kitambaa.

Nilikwenda kwenye jiko la maabara. Agari ya siku hiyo ilikuwa imetoka motoni dakika chache. Nikasubiri mpaka nilipoweza kuishika bila taabu, nikakitoa kipimajoto ndani ya friji la soda, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikasimama mbele ya meza na chupa mikononi.

"Daktari, niwie radhi. Pima hii."

"Bi Riziki, tuna mazungumzo hapa."

"Pima, tafadhali. Naishika mimi."

Labda aliona sitaki kutoka. Akakitia kipimajoto, akasubiri, akasoma. Sabini na mbili. Akanitazama mikono, akanyoosha kidole akaigusa chupa, na akakirudisha kidole upesi.

"Kwangu mimi hii imepoa," nikasema. "Ndivyo nilivyomimina mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne nilingoja. Mutheu hajafanya lolote."

Daktari aliichukua ile barua akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Akakaa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa taratibu, "Hii sheria ya kiganja niliitoa mimi. Sikuuliza ni kiganja cha nani."

Hakunifukuza. Alinunua vipimajoto vitatu, akaninyima kumimina agari mpaka mwaka mpya, na akaniamuru niandike kila kitu kwa mkono wangu kwenye daftari la jaribio, ili atakayesoma ajue kwa nini matokeo yalipinda. Jaribio la tano Mutheu alimimina kwa digrii hamsini na tano, mimi nimesimama kando nasoma kipimajoto. Likakubali. La sita likakubali. Akaandika, akafuzu, na leo anafundisha watu kama nyinyi.

Kuna jambo moja nililoliruka, na nimewaweka hapa barazani muda wote huu nikitafuta pa kulitia.

Siku matokeo ya jaribio la sita yalipothibitika, Mutheu alilichukua daftari akausoma ukurasa wangu wote, pole pole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akauliza, "Bi Riziki, hapa hujaandika siku. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nilijua asubuhi ileile ya barua. Ulimi ulikuwa tayari.

"Siku uliyoungua," nikasema.

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Zilikuwa siku kumi na moja mpaka asubuhi ile ya barua. Akaufungua mkono wake wa kulia akautazama, pale ngozi mpya ilipokuwa bado laini na nyeupe.

"Kwa hivyo vile ulikuwa unakuja kwangu kila asubuhi," akasema, "unanitoa kitambaa, unaniosha, unanipaka asali, unaniambia nisijali jaribio litakubali, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Hakupaza sauti. Alilisukuma daftari mbele yangu, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akanipa.

"Andika tarehe," akasema, akasimama pale mpaka nikaandika.